Bailey ni jina la mtu

Kila mmoja wetu aliyepita barabara ya kutoka Uvira kuja Baraka, ao aliyepanda toka Baraka mpaka Fizi, anajua ule wakati kamyo inapokaribia mto. Shofere anapunguza mwendo. Kijana anayekaa nyuma juu ya mizigo anaruka chini kwenda kuangalia mbao. Mama wenye watoto wanashuka na kuvuka kwa miguu, na hakuna wa kuwacheka. Kama daraja ni la miti, watu wote wananyamaza. Lakini kama ni la chuma, lile lenye kuta mbili za vyuma vilivyounganishwa kipande kwa kipande, shofere atasema kwamba hiyo ni Bailey, kisha ataingia bila kusita sana.

Muhula uliopita, katika saa ya fizikia, tuliulizwa Bailey ni kitu gani. Mmoja alijibu ni aina ya chuma. Mwingine alisema ni kompani, kama vile Toyota. Wa tatu, ambaye hatutamtaja kwa sababu ni mmoja wetu sisi tunaoandika, alisema ati ni neno la Kifaransa la kuonyesha daraja la muda. Sote tulikosa. Bailey alikuwa mtu, na maisha yake ndiyo tunawaletea safari hii.

Donald Coleman Bailey alizaliwa tarehe 15 Septemba 1901 katika Rotherham, mji wa viwanda vya chuma na makaa ya mawe, upande wa kaskazini wa Uingereza. Alisoma kwanza kwao, kisha katika shule ya The Leys huko Cambridge, ambayo iliundwa na Wamethodisti. Mwaka 1923 alipata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, karibu na nyumbani. Baada ya pale hakupata mara moja kazi ya kumpendeza. Alifanya kazi katika kiwanda cha chokoleti cha Rowntree, akaenda kwenye reli, akaenda tena katika ofisi ya mainjinia wa mji wa Sheffield. Wale kati yetu wanaofikiri kwamba diploma ikipatikana leo, kesho mtu anajenga daraja kubwa, waone mfano huo.

Mwaka 1928 aliingia kama mtumishi wa serikali katika kituo kidogo cha jeshi kilichokuwa Christchurch, karibu na bahari ya kusini. Kazi ya kituo hicho ilikuwa kujaribu madaraja ya jeshi. Bailey hakuwa mwanajeshi. Alikuwa injinia wa raia, na katika saa zake za kupumzika alipenda kuunda madaraja madogo ya mfano, namna mtoto wa huku anavyounda gari ya waya. Mwaka 1936 alitoa wazo la daraja la namna mpya. Wakubwa hawakulifuata. Wazo likakaa, naye akaendelea na kazi.

Sasa inatupasa kueleza shida yenyewe ilikuwa nini, kwa maana bila hiyo hatutaelewa kwa nini kila mtu alihitaji msaada wa mwenzake.

Daraja la kawaida huchorwa kwa mto mmoja. Mchoraji anakwenda kuona kingo, anapima upana, anachora umbo lililo zuri na linalofaa pale. Kisha mwenye hesabu anauliza kila chuma kitabeba nini: kipi kinavutwa, kipi kinakandamizwa, kipi kitapinda. Mara nyingi hao wawili hawapatani. Mchoraji anataka chembamba, mwenye hesabu anataka kinene. Fundi naye anakuja wa tatu na kusema vyote viwili haviwezekani, kwa sababu hana mashine ya kunyanyulia. Lakini daraja la jeshi halijui litakwenda mto gani. Linapaswa kutosha mto wa mita 10 na mto wa mita 50, gari dogo na kifaru kizito, na vipande vyake viingie ndani ya lori la tani 3 na kubebwa na mikono ya watu usiku. Hapo mchoraji, mwenye hesabu na fundi hawawezi tena kufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Ni lazima wakae meza moja tangu siku ya kwanza.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, vifaru vilikuwa vinazidi kuwa vizito, na madaraja yaliyokuwapo hayakutosha. Kulikuwa na daraja la Profesa Charles Inglis wa Cambridge, mtu wa elimu kubwa, ambaye daraja lake lilitumika tangu vita vya kwanza. Lilitengenezwa upya, likajaribiwa mwaka 1940, na chuma cha juu kikaonekana dhaifu.

Kwa nini chuma cha juu? Kata mti mbichi wa muhogo, uuweke juu ya mawe mawili, kisha kanyaga katikati. Upande wa chini unavutwa na kufunguka. Upande wa juu unakandamizwa na maganda yanajikunja. Daraja linafanya vivyo hivyo, ila hatulioni kwa macho. Na kitu chembamba kinachokandamizwa kwa ncha zake hakingoji kuvunjika, kinapinda kwanza kwa ubavu. Chukua bua refu ulisukume kwa ukuta, utaona. Ndiyo sababu hesabu ya chuma cha juu ni ngumu kuliko ya kile cha chini.

Husimuliwa kwamba Bailey alichora wazo lake mwaka 1940 nyuma ya bahasha. Watu wanapenda sana hadithi hiyo ya bahasha, sisi pia tuliipenda. Lakini tukifikiri vizuri, bahasha ile ilikuwa na miaka 12 ya Christchurch nyuma yake, na wazo la 1936, na makosa ya madaraja ya wengine ambayo Bailey aliyaona kwa macho yakipinda.

Wazo lenyewe ni hili. Usichore daraja. Chora kipande kimoja tu, halafu daraja lote liwe ni kipande hicho kikirudiwa. Kipande hicho kinaitwa paneli. Urefu wake ni mita 3 na kidogo, kimo chake mita 1 na nusu, uzito wake karibu kilo 260. Watu sita wanakibeba, maana yake kila mmoja anachukua kama kilo 43, pungufu ya mfuko wa saruji. Ndani ya paneli vyuma vimepangwa kwa mshazari vikifanya umbo la uru, na wenye kujua karata wataelewa, ijapokuwa hapa shuleni karata hazitakiwi. Umbo hilo ni pembetatu zilizounganishwa. Mpigilie vijiti vinne kwa misumari vifanye mraba, mtaweza kuulaza ubavu kwa kidole. Mpigilie vitatu, havilali. Pembetatu haikubali kugeuka umbo mpaka kijiti chenyewe kivunjike.

Paneli mbili zinaunganishwa kwa pini za chuma kwenye matundu, juu na chini. Mto ukiwa mpana, paneli zinaongezwa kwa urefu. Mzigo ukiwa mkubwa, ukuta wa pili unawekwa kando ya wa kwanza, hata wa tatu, ao paneli zinapandishwa ghorofa juu ya wenzake. Kati ya kuta mbili inapita mihimili ya kukingama, na juu yake njia ya mbao, upana wa kupitisha gari moja. Ndiyo maana kamyo mbili zikikutana kwenye Bailey mmoja lazima angojee, na matusi mnayajua.

Tena kuna namna ya kulivusha. Daraja linaundwa lote upande mmoja wa mto, juu ya rola, na kwa mbele linawekewa pua nyepesi ya paneli tupu. Kisha watu wanasukuma. Pua inatangulia hewani, uzito ulio nyuma unaizuia isianguke majini, mpaka inagusa ng'ambo. Mjaribu kwa rula juu ya meza: isukumeni nje, na wekeni kifutio juu ya mkia wake. Tulifanya hivyo darasani na meza ya mwalimu ikawa mto Mutambala.

Wazo lilikuwa la Bailey, lakini hapa majina mengine yanaanza, na hatutaki kuyaacha. Kituoni Christchurch alikuwako Ralph Freeman, injinia kijana wa miaka kama 30, ambaye alimsaidia sana kukamilisha kazi. Baba yake, naye Ralph Freeman, ndiye aliyeshiriki katika hesabu za daraja la Victoria Falls juu ya mto Zambezi, lililofunguliwa mwaka 1905 na ambalo mchoraji wake mkubwa alikuwa George Hobson. Baadaye baba huyo alifanya kazi ya daraja la Sydney katika Australia, lililofunguliwa mwaka 1932, na pale kulitokea ugomvi mrefu kati yake na injinia wa serikali, John Bradfield, juu ya nani hasa ndiye mwenye daraja. Basi kijana Freeman alitoka katika nyumba iliyojua vizuri matata ya mchoro na hesabu.

Kazi ilikwenda mbio. Majaribio yalianza Desemba 1940. Tarehe 14 Februari 1941 serikali iliagiza daraja kamili la mfano liwe tayari kabla ya tarehe 1 Mei. Walilitandaza shambani, juu ya ardhi kwa kimo cha sentimita 60 tu, ili likianguka lisianguke mbali. Kisha walichukua vifaru vya zamani, wakavijaza vyuma vizito, wakavipandisha kimoja juu ya kingine juu ya daraja, na kupima. Sisi tunaona hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Mwenye hesabu haamini mchoro, na daraja halisikilizi hesabu. Lazima mzigo wenyewe uwekwe, na watu wote wawe wanatazama chuma kilekile. Kama kimepinda, hakuna wa kusema karatasi yangu ilikuwa sawa.

Mwezi Julai 1941 viwanda vilianza, na Desemba jeshi lilikuwa na madaraja mkononi. Miezi kumi tangu agizo! Viwanda zaidi ya 650 viliingia katika kazi, na vingi havikuwahi kutengeneza daraja. Hata Littlewoods, kompani iliyojulikana kwa michezo ya kubahatisha matokeo ya mpira, ilitengeneza vipande. Ilifika wakati paneli 25,000 zilitoka kila mwezi. Na paneli ya kiwanda hiki ilipaswa kuingia bila ubishi kwenye paneli ya kiwanda kile, ambacho mafundi wake hawajaonana. Tundu likikosa mahali pake kidogo tu, pini haiingii, na askari wako mtoni gizani wakipigwa risasi. Kwa hiyo seremala na mshonaji wa chuma wa mji wa mbali nao walikuwa ndani ya hesabu.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 1942 daraja la kwanza la vita liliwekwa juu ya mto Medjerda, karibu na Medjez el Bab, katika Tunisia. Kwa hiyo Bailey ilianza kazi yake ya vita katika bara letu. Baadaye ilikwenda Italia, ambako pamoja na Sisilia yaliwekwa zaidi ya madaraja 3,000, kisha Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani. Jumla ya chuma kilichotengenezwa ilifika kama tani 490,000. Madaraja yaliyojengwa juu ya nchi kavu na nguzo, ukiyapanga yote mstari mmoja, yalifika kama kilometa 320, zaidi ya kwenda Uvira na kurudi Baraka. Jenerali Montgomery alisema baada ya vita kwamba bila Bailey wasingeweza kushinda.

Lakini daraja moja linatugusa zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yenye askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wale walioitwa Keya, ilishuka katika bonde la mvua na malaria huko Burma ikawasukuma Wajapani mpaka mto Chindwin. Mwezi Desemba walifika Kalewa, na pale daraja la Bailey la kuelea lilitandazwa juu ya mto, urefu wake kama mita 350. Na katika vita hivyo vya Burma ilikuwako pia hospitali ya jeshi kutoka Kongo ya Wabelgiji, pamoja na wauguzi wake Wakongomani. Wazee hao karibu wote wamekwisha. Tunawaza kwamba juu ya mbao za Chindwin Kiswahili kilisikika, na pengine wabebaji wa paneli walihesabiana moja, mbili, tatu, nyanyua.

Baada ya vita Bailey alipewa cheo cha Sir, mwaka 1946, na baadaye pauni 12,000 kwa uvumbuzi wake. Lakini wengine pia walikuja kudai. Archibald Hamilton, mtu wa New Zealand aliyejenga barabara katika milima ya Wakurdi wa Iraki, alikuwa ameunda daraja la vipande kabla ya Bailey, akasema wazo lake limetumiwa. Tume ya serikali ilimsikiliza, naye akalipwa. Jenerali Martel, aliyekuwa na daraja lake la zamani, alipewa pauni 500. Tulibishana sana juu ya jambo hili. Wengine wetu walisema basi Bailey aliiba. Wengi tulikataa. Kuona kipande cha mwenzako na kujua kasoro yake si wizi, ila kumnyamazia ni vibaya. Tume ilifanya haki kuwasikia wote, na kama jina la daraja lingekuwa na nafasi, lingeandikwa majina kumi.

Turudi kwetu kidogo. Katika Kongo madaraja ya namna hii yamekuwa ya maana sana, kwa sababu yanafungwa na kufunguliwa, na kipande kibovu kinabadilishwa bila kubomoa chote. Mwezi Aprili 2020, mvua kubwa iliposhukia Uvira na mto Mulongwe ukatoka katika njia yake, watu walikufa, nyumba zilikwenda na maji, na madaraja pia. Tangu siku ile hatuhitaji mwalimu kutuambia daraja ni nini. Dawa, chumvi, karatasi za mtihani, mgonjwa wa kupasuliwa, vyote vinasimama kwenye ukingo vikitazama ng'ambo.

Na tunalo la kwetu la kusimulia. Mmoja wetu, akirudi shuleni baada ya likizo, alikuwa juu ya kamyo iliyopakia mahindi, makaa, bia na watu. Kwenye daraja moja la chuma palikuwa na kibao cha kuonyesha tani zinazokubaliwa. Kibao kilikuwa kimepata kutu, lakini namba ilisomeka. Hakuna aliyeisoma. Kamyo ilipofika katikati, mbao mbili zilipasuka, gurudumu la nyuma likaingia, na mhimili wa kukingama ukapinda. Hakuna aliyekufa. Magunia yalikwenda na mto, na kwa siku nyingi watu wa pande zote mbili walivushana mgongoni. Tulipomweleza mwalimu habari hiyo, alituuliza namba ya kibao inatoka wapi. Sasa tunajua. Inatoka kwa wale waliopandisha kifaru juu ya kifaru shambani Christchurch, na kwa wale walioandika kila chuma kitabeba nini. Shofere naye amekaa katika meza yao, ila hakuambiwa. Pini ikiibwa kwenda kufuliwa jembe, ao mbao ikitolewa kwenda kupikia bugali, namba ile inakuwa ya uongo, na mchoraji hayuko pale kuifuta.

Bailey mwenyewe hakuacha kazi. Aliendelea katika kituo kilekile cha Christchurch mpaka akawa mkurugenzi wake, kisha toka 1962 mpaka 1966 alikuwa mmoja wa wakubwa wa chuo cha jeshi cha sayansi, Shrivenham. Hakufungua kompani wala hakutajirika kwa jina lake. Alipostaafu alikaa karibu na bahari, upande wa Bournemouth, si mbali na pale alipochora. Alikufa huko tarehe 5 Mei 1985, akiwa na miaka 83.

Karibu na Christchurch kuna mahali pa matope panapoitwa Stanpit, ambapo mito miwili inakutana kabla ya kuingia baharini. Pale, juu ya mfereji mdogo, walijaribia daraja lao la mfano wa kwanza, na baadaye hawakuliondoa. Watu wanaotembea kwa miguu wanalipita wakienda kutazama ndege.